Kilo Kumi na Moja

Mizani tumeiazima kwa Thoya wa vyuma chakavu,
ile ya ndoana, yenye kutu shingoni.
Tumeitundika kizingitini, tukauning'iniza mkoba wangu
kama mbuzi wa arusi.
Kilo kumi na saba na robo.
Nyevu akacheka hadi akaketi sakafuni:
"Dada, wasafiri au wahama?"

Kutoka Chakama, gari linapokomea,
ni saa tano kwa mguu kufuata ukingo,
asema Mwaringa, ambaye simu yake
hushika tu akipanda juu ya kichuguu
na hukatika akifika penye maana.
"Hapana choo, hapana lango, hapana mtu.
Pana mikoma, na mchanga mweupe wa kulalia.
Hema lisimame hatua mia kutoka majini.
Si hamsini. Mia. Mamba ha—"
Kata.
Tukabaki kuimalizia sentensi wenyewe:
mamba hapandi, mamba halali,
mamba hajui kuhesabu.

Basi tukapunguza.
Sufuria mbili, ikabaki moja.
Kunde nimezichemsha, nimezianika juani, zimekuwa nyepesi kama vifungo.
Kitabu (Nyevu alinitazama tu) nikakitoa.
Kiberiti ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka.
Kipande cha shabu, ukubwa wa kidole gumba,
maana maji ya huko ni mekundu,
na bibi yangu alikuwa akiizungusha shabu mtungini mara saba
kisha aenda zake kupalilia;
akirudi, tope limelala.
Sindano na uzi pia. Mimi ni fundi wa cherehani,
siwezi kulala ndani ya kitu kinachochanika
nikiwa mikono mitupu.

Hema tulimnunulia mlinzi wa gesti moja Casuarina,
lilisahauliwa na Mtaliano.
Nimelitia zipu mpya, ya suruali.
Bado lina harufu ya mtu asiyerudi.

Kumi na nne. Kumi na mbili na nusu.
Nikavua bangili, zisije zikahesabiwa.
Kumi na moja!

Mama akapita na beseni, akarudi.
"Na mnafuata nini huko? Maji?
Maji si hutoka hapo mferejini, siku yakijisikia?"
Nikafungua kinywa, nikakosa la kusema.
Hutoka, kweli. Hutoka huko huko:
yanavutwa Baricho chini ya mchanga,
yanapigishwa foleni bombani
hadi Maweni, yatunawishe nyuso.
Miaka thelathini na minne naunywa mto huu.
Nimeusongea sima. Nimeukoga nikiwa bi arusi.
Nilimwoshea baba, mara ile ya mwisho.
Na uso wake siujui,
kama mjomba atumaye hela kila mwezi
asiyewahi kupiga picha.

Alhamisi usiku Mwaringa akapanda kichuguu.
"Umejaa. Mvua ya bara. Njia yote imemezwa.
Ngojeni wiki, labda mb—"
Labda mbili.
Na Nyevu ameshaomba ruhusa kazini,
ameshamzika shangazi ambaye yu hai Kakoneni
na anapenda tumbaku.

Tukalipandisha hema juu ya slabu,
kati ya kamba za nguo na tangi.
Kamba moja tukaifunga kwenye tofali, nyingine kwenye mguu wa tangi,
tukahesabu hatua kutoka ukingoni: sita.
Tukala kunde za safari. Chumvi ilipungua.
Nikaandika: chumvi.

Saa tisa, baada ya siku nne za ukavu,
bomba likakohoa.
Likanyamaza. Likakohoa tena, kama mtu aliyekuja mbio,
kisha tangi likaanza kupokea.
Nikatoka kwa magoti, nikakinga kiganja.
Mekundu. Na punje za mchanga,
ndogo, zikinisugua kidoleni.

"Nani huyo?" Nyevu akauliza ndani ya hema.

"Amekuja mwenyewe," nikasema,
na kwa mkono mkavu
nikaanza kupapasa mkobani, niitafute shabu.